Maswali ya wafugaji: ukoga ndani ya bomba la maji ya kuku

Kwa kawaida safu hii huchanganya mada. Safari hii barua zimeelemea upande mmoja, maji ya kuku wa mayai, na tumeamua kuzijibu pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamgusa mwingine.

SWALI: Nina kuku wa mayai 600 wanaokunywa kwa chuchu (vali ndogo zilizo chini ya bomba, kuku akigonga maji yanatoka), mabomba matatu ya mita 20 kila moja. Tenki naliosha kila mwezi na maji yake ni angavu. Juzi nilifungua kizibo cha mwisho wa bomba, yakatoka maji ya rangi ya chai yenye vipande vya ute. Nilidhani bomba lililofungwa haliwezi kuchafuka. Uchafu huu umetoka wapi, na nautoaje kuku wakiwa ndani ya banda?

JIBU: Ndugu msomaji, bomba lililofungwa huzuia vumbi na kinyesi, halizuii bakteria. Hao huingia na maji yenyewe, na wengine huingia kupitia mdomo wa chuchu kila kuku anapoigonga. Wakifika hujishika kwenye ukuta wa plastiki, wanatoa ute, ute unanasa wengine, na baada ya wiki chache ukuta wa ndani unakuwa na ukoga kama wa kwenye meno yasiyopigwa mswaki. Vile vipande ulivyoviona ni ukoga uliokomaa ukaanza kubanduka.

Kwa nini uote kwenye bomba wakati tenki ni safi? Tazama mwendo wa maji. Kuku 600 hunywa kama lita 130 kwa siku, yaani lita 43 hivi kwa kila bomba. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 20 hubeba karibu lita 0.3 kwa mita, kwa hiyo bomba lako zima lina lita 6 tu. Mwanzoni mwa bomba maji yanapita ya kuku 200. Kadiri unavyosogea mbele yanapungua, na kwenye mita ya mwisho yanapita ya kuku kumi pekee, lita mbili na kidogo kwa mchana mzima. Usiku hayatembei kabisa. Baada ya chuchu ya mwisho hadi kwenye kizibo hayatembei hata mchana. Ni maji yaliyolala, yenye joto la banda, na bakteria hawahitaji zaidi ya hapo isipokuwa chakula. Chakula tunawapelekea sisi: vitamini zenye sukari, glukosi, maziwa ya unga ya kuchanganyia chanjo, dawa za unga. Kama maji ni ya kisima, hata madini ya chuma huwalisha baadhi yao.

Kuku wakiwa ndani, kazi ya kwanza ni kusukuma uchafu utoke kwa nguvu ya maji, na hapa wengi hukosea kwa sababu hawana nguvu hiyo. Mita kumi za kimo hutoa presha ya baa 1. Tenki lililo juu ya mnara wa mita 3 linakupa baa 0.3, ambayo inatosha kunywesha lakini haing'oi ukoga. Kung'oa kunataka kati ya baa 1.5 na 3, kwa hiyo tumia pampu ndogo siku ya kusukuma. Kabla ya kuiwasha, hakikisha kirekebisha presha kilicho mwanzoni mwa bomba kimewekwa kwenye nafasi ya kusafishia. Kama chako hakina nafasi hiyo, funga njia ya pembeni yenye koki yake ili maji yakipite, vinginevyo hutapata kasi hata ukiwa na pampu kubwa. Kisha fungua mwisho wa bomba kwa upana wake wote, unganisha mpira upeleke maji nje ya banda, ndipo uwashe. Ukiwasha pampu mwisho ukiwa bado umefungwa, presha yote itaishia kwenye chuchu na zitavuja.

Safisha bomba moja moja. Ukifungua yote matatu kwa pamoja presha inagawanyika na maji yanapita polepole, unapoteza maji na ukoga unabaki. Muda wa chini ni dakika moja kwa kila mita 30, ila usiishie hapo kwa mara ya kwanza. Kinga maji kwenye ndoo nyeupe na uendelee mpaka ndoo ionyeshe maji angavu mara mbili mfululizo.

Nguvu ya maji huondoa ukoga uliolegea tu. Uliokamata unahitaji dawa, na kuku wakiwepo dawa lazima iwe hafifu na ya kila siku. Chaguo zuri ni hidrojeni peroksidi iliyoimarishwa, ile iliyoandikwa kwenye lebo kuwa ni ya maji ya kuku, kwa kiwango cha miligramu 25 hadi 50 kwa lita kikipimwa kwenye chuchu ya mwisho. Dawa ya asilimia 35, mililita 100 ndani ya lita 1,000, hutoa kama miligramu 40 kwa lita. Mwanzoni kijiti cha kupimia kitaonyesha kidogo au sifuri mwishoni mwa bomba, kwa sababu ukoga unaila dawa njiani. Hiyo ni dalili kwamba inafanya kazi. Wiki ya kwanza pita kila asubuhi ukigonga chuchu kwa kidole, maana vipande vinavyobanduka huziba tundu, na kuku hawatakuja kukuambia kuwa chuchu imekauka.

Usafi wa kweli utaufanya siku banda likiwa tupu. Changanya mililita 30 za dawa hiyo kwa kila lita ya maji. Mabomba yako yana lita 18, pamoja na mabomba ya kuleta maji andaa lita 25, yaani mililita 750 za dawa. Mimina dawa kwenye maji, usimimine maji kwenye dawa. Vaa glavu na miwani, kwa sababu dawa ya asilimia 35 huunguza ngozi ikawa nyeupe papo hapo na jichoni ni hatari kubwa. Jaza mpaka uone povu linatoka mwisho wa bomba, gonga kila chuchu mara mbili tatu ili dawa iingie hadi mdomoni, kisha acha saa 24. Kile kirija cha kutolea hewa mwishoni kiache wazi: peroksidi ikikutana na ukoga hutoa gesi, na bomba lisilo na pa kupumulia linaweza kufumuka kwenye maungio. Kesho yake sukuma kwa presha, pima kwa kijiti mpaka dawa iishe, ndipo urudishe maji ya kunywa yenye klorini kidogo.

Hiyo klorini kidogo usiiache. Bomba lililosafishwa halafu likapitishwa maji yasiyo na dawa yoyote huanza kuota tena ndani ya siku chache.

SWALI: Kila asubuhi naweka kofia moja ya dawa ya klorini kwenye tenki la lita 1,000. Maabara bado inaonyesha bakteria wa kinyesi kwenye maji ya mwisho wa bomba. Niongeze kofia?

JIBU: Kabla ya kuongeza, achana na kofia. Nunua sirinji kubwa ya mililita 60 uwe unapima.

Lengo ni klorini huru (ile ambayo bado haijaliwa na uchafu) ya miligramu 2 hadi 4 kwa lita, si ndani ya tenki bali kwenye chuchu ya mwisho ya bomba refu kuliko yote. Dawa ya maji ya asilimia 3.5 ina gramu 35 za klorini katika kila lita. Ukitaka miligramu 3 kwa lita kwenye lita 1,000, unahitaji gramu 3, sawa na mililita 86. Ikiwa dawa ni ya asilimia 5, ni mililita 60. Ikiwa ni unga wa asilimia 65, ni gramu 4.6, ukayeyushwe kwanza kwenye ndoo na utulie, umimine maji ya juu uache machicha. Kama kofia yako inabeba mililita 10 za dawa ya asilimia 3.5, umekuwa ukiweka chini ya miligramu 0.4 kwa lita. Kiasi hicho kinaliwa chote na uchafu kabla hakijafika kwa kuku.

Hata kipimo sahihi kinaweza kushindwa, na mara nyingi kinachokishinda ni pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Klorini ndani ya maji hujigawa katika hali mbili, moja kali na moja dhaifu. Maji yakiwa na pH 7, karibu robo tatu yake iko katika hali kali. Kwenye 7.5 inabaki nusu. Kwenye 8.5 inabaki kama sehemu moja kati ya kumi. Mfugaji mwenye maji ya pH 8.5 anaweza kusoma miligramu 3 kwenye kijiti na bado akawa na ulinzi wa miligramu 0.3. Kwa hiyo nunua vijiti vinavyosoma vitu viwili, klorini huru na pH. Vijiti vya mabwawa ya kuogelea vinafaa, ilimradi visome klorini huru na visiwe vya klorini ya jumla pekee.

Maji yakizidi 7.5, yashushe hadi kati ya 6 na 7 kwa asidi. Kiasi hatuwezi kukutajia kwa sababu kila maji yana ukaidi wake. Chota lita 20, ongeza asidi ya sitriki gramu moja moja ukikoroga na kupima, halafu gawanya jumla ya gramu kwa 20 na uzidishe kwa lita za tenki. Asidi za namna hii zikitumiwa mfululizo kwa miezi zinaweza kulisha ukungu na hamira ndani ya bomba, kwa hiyo usiziweke bila klorini kufuata. Na tafadhali sana: klorini na asidi zisikutane zikiwa kali kwenye chombo kimoja. Hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na watu wameumizwa hivyo. Asidi iingie kwenye maji ya tenki kwanza, ikorogwe, ndipo klorini iliyokwisha kuchanganywa ndooni ifuate. Wanaotumia pampu za kuchanganyia dawa wawe na pampu mbili na ndoo mbili. Klorini na peroksidi nazo usizitumie kwa wakati mmoja, zinauana.

Kwa pampu inayochanganya sehemu 1 kwa 100, ndoo ya dawa inatakiwa iwe na nguvu mara mia. Kupata miligramu 3 kwa lita bombani, ndoo ya lita 20 inataka gramu 6 za klorini, ambazo ni mililita 171 za dawa ya asilimia 3.5. Itengeneze upya kila siku ya pili. Klorini hufifia kwa joto na mwanga, na dumu lililokaa juani nusu mwaka halina tena asilimia iliyoandikwa kwenye lebo. Chagua isiyo na manukato wala sabuni.

Baada ya kurekebisha yote hayo, kama bakteria wa kinyesi bado wapo, chukua sampuli ya pili kwenye chanzo chenyewe. Kisima kinachopokea maji machafu hakitibiwi kwa sirinji. Ziba nyufa za mdomo wake, inua ukingo, elekeza maji ya mvua mbali nacho, kisha safisha tenki na mabomba kwa dozi ya mshtuko ya miligramu 50 kwa lita: lita 1.4 za dawa ya asilimia 3.5 kwa kila lita 1,000, zikae usiku kucha, zimwagwe, bomba lisukumwe. Dozi hii ni ya banda tupu, au kuku wawe na maji mengine ya kunywa kwa muda wote huo.

SWALI: Sina chuchu. Natumia vinyweshea vya kengele na vingine vya kumimina kwa mkono. Navisuuza kila siku lakini ukingo unateleza. Nakosea wapi?

JIBU: Kusuuza hakutoshi. Ukoga hautoki bila kusuguliwa, na dawa ikimwagwa juu yake huishia juu. Sugua kwa brashi na sabuni kila asubuhi, ukiingia hasa kwenye mfereji wa ndani ambako unga wa chakula kutoka mdomoni mwa kuku hutuama na kuchacha. Suuza. Kisha loweka dakika 10 kwenye maji yenye mililita 6 za klorini ya asilimia 3.5 kwa lita, suuza tena, anika juani mpaka vikauke kabisa. Ukiwa na seti mbili, moja inakauka huku nyingine inatumika, na hapo kazi inakuwa nyepesi.

Maji machafu yamwage nje. Ukimwaga kwenye maranda unatengeneza kitalu cha koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, chini ya chombo.

Inua ukingo wa chombo ufike usawa wa mgongo wa kuku aliyesimama. Kikiwa chini ya hapo wanapiga maranda na kinyesi ndani kwa miguu, na utasugua mara nne kwa siku bila kufua dafu.

SWALI: Tangu nianze kusukuma maji kwenye mabomba kila wiki, chuchu nyingi zinadondosha na maranda yanalowa chini ya bomba. Je, presha imeziharibu?

JIBU: Inawezekana, lakini anza na sababu nyepesi. Ndani ya chuchu kuna kipini cha chuma kinachokaa juu ya kitako chake kama kizibo. Punje ya mchanga au kipande cha ukoga kikikwama kati ya kipini na kitako, maji yanapita. Kusukuma kumebandua uchafu na baadhi yake umekwama hapo. Gonga kipini kwa kidole mara kadhaa. Chuchu nyingi hujisafisha kwa hilo. Isiyokubali ifungue, iloweke usiku mmoja kwenye siki, isuuze, irudishe. Usichokonoe kwa waya, kwa sababu mkwaruzo mdogo kwenye kitako ni tone la kudumu. Kama raba au oringi (pete ya raba ya kuzuia maji) imekakamaa, badilisha.

Zinazodondosha zikiwa upande mmoja wa bomba, shida haiko kwenye chuchu. Bomba limelala mteremko. Presha ya kunywesha hupimwa kwa sentimita za maji, mara nyingi kati ya 15 na 40. Upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita 10, chuchu za huko zinapata sentimita 10 za ziada na za juu zinapungukiwa. Matokeo yake ni maranda mabichi upande huu na kuku wenye kiu upande ule, kwenye bomba hilo hilo. Tumia mpira mwembamba unaoona ndani uliojaa maji kama pima maji, na ninginiza bomba upya kwa kamba kila mita 2 au 3 lisipinde katikati.

Kisha pima mtiririko. Shika chupa yenye vipimo chini ya chuchu, bonyeza kipini juu kwa dakika moja kamili. Kuku anayetaga anahitaji angalau mililita 60 kwa dakika. Pima chuchu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Ikiwa ya mwisho inatoa nusu ya ile ya kwanza, kuna kizuizi njiani au hewa imejifungia. Usiongeze presha kabla hujajua ni kipi, maana ukiongeza utalowesha zile za mbele.

Na tazama kimo. Kuku anyooshe shingo kwenda juu huku nyayo zake zote zikiwa chini, tone likimwingia mdomoni moja kwa moja. Akinywa kwa kugeuza kichwa upande, nusu inamwagika.

SWALI: Maji yetu ya kisima huacha gamba jeupe kwenye chuchu. Tukiweka klorini yanageuka rangi ya kahawia. Tuache klorini?

JIBU: Msiache. Mna mambo mawili tofauti. Gamba jeupe ni chokaa. Liwekee tone la siki, likitoa mapovu umepata uhakika. Rangi ya kahawia ni chuma kilichokuwa kimeyeyuka bila kuonekana, klorini ikakigeuza kuwa kutu. Kutu hiyo ikitengenezwa ndani ya bomba itaziba kila chuchu. Itengenezeni kabla: maji yaingie kwenye tenki la kwanza kwa kunyunyiza kutoka juu yakutane na hewa, yapate klorini humo, yatulie usiku mmoja, halafu yachotwe sentimita 20 juu ya sakafu ya tenki na kupita kwenye chujio kabla ya kufika bandani. Chujio liwe na geji ya presha mbele na nyuma. Geji zikianza kuachana, linaziba. Chujio lililosahaulika miezi mitatu linakuwa shamba la bakteria lenyewe, kwa hiyo kama hamna nia ya kulisafisha ni afadhali lisiwepo.

Chokaa kiondoeni banda likiwa tupu. Tangulizeni peroksidi kama tulivyoeleza kwenye jibu la kwanza, sukumeni, ndipo mjaze bomba maji yenye asidi ya sitriki hadi pH ifike karibu 4, na yakae usiku mzima hadi saa 24. Mkianza na asidi, ukoga ulio juu ya chokaa utaizuia. Msishuke chini ya 4, raba na vipini vitaliwa. Sukumeni tena, mmalizie na klorini, kwa sababu chokaa kinapotoka huachia bakteria waliokuwa wamejificha ndani yake.

SWALI: Ninachanja kupitia maji. Klorini niiache lini? Na je, mitishamba naweza kuipitisha kwenye chuchu?

JIBU: Klorini na peroksidi huua chanjo hai kama vile ya kideri. Acha saa 48 kabla, rudisha saa 24 baada ya chanjo. Siku ya kuchanja koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, dakika 15 hadi 30 kabla ya kuweka chanjo, yatafuna mabaki ya klorini. Tumia ndoo ya plastiki, si ya chuma, tena isiyosuuzwa kwa dawa siku hiyo.

Kosa linaloharibu chanjo nyingi kwenye chuchu ni hili: bomba limejaa maji ya kawaida. Kuku wa mwanzo wanapata chanjo, wa mwisho wanamaliza maji ya kawaida kwanza, na wakifikiwa chanjo imeisha nguvu. Ondoa maji ya zamani kwa kufungua mwisho wa bomba mpaka uone weupe wa maziwa unatoka, ndipo uzibe. Wanyimwe maji saa moja hadi mbili kabla, na kwenye joto kali isizidi saa moja. Kiasi cha maji ya chanjo kiwe kile wanachokimaliza ndani ya saa mbili. Kipime jana yake, saa ile ile. Jioni sukuma bomba litoke maziwa yote, la sivyo kesho umewapikia bakteria karamu.

Mitishamba iliyopondwa usiipitishe kwenye chuchu hata kama umeichuja kwa kitambaa. Nyuzi zake hupita kitambaani na hukwama chini ya kipini. Mwenye kutaka kuitoa, aitoe kwenye chombo cha wazi kwa saa chache na akioshe.

SWALI: Nitajuaje mapema kwamba maji yana tatizo, kabla mayai hayajapungua?

JIBU: Funga mita ndogo ya maji kwenye bomba linaloingia bandani, isome kila siku saa ile ile, andika. Hakuna kifaa cha bei nafuu kinachowahi kutoa habari kuliko hicho. Kuku wa mayai anayekula gramu 110 hadi 120 hunywa kama mara mbili ya uzito huo, mililita 200 hadi 250, yaani lita 20 hadi 25 kwa kuku 100. Siku za joto kali inaweza kuwa maradufu. Yai bila ganda ni robo tatu maji. Kuku asiyekunywa huacha kula siku hiyo hiyo, na akikosa maji siku nzima utagaji huporomoka na wengine huanza kunyonyoka manyoya.

Matumizi yakishuka ghafla kwa sehemu ya kumi wakati hali ya hewa haijabadilika, nenda bandani wakati huo huo. Pima mtiririko mwishoni mwa bomba. Tia kipimajoto kwenye maji ya mwisho: yakizidi nyuzi 30 kuku huyapunguza, na dawa yake ni kusukuma bomba adhuhuri na tena alasiri, na kuweka tenki kivulini. Tenki liwe jeusi au lililofunikwa lisipitishe mwanga, kwani mwanga huotesha mwani, na tundu la hewa liwe na wavu. Matumizi yakipanda bila joto, tafuta chuchu inayovuja kabla ya kufikiria ugonjwa.

Kwa macho, kila wiki mbili fungua mwisho wa bomba, ingiza kijiti chenye pamba nyeupe na ufute ukuta wa ndani mzunguko mmoja. Pamba itoke nyeupe. Ikitoka na ute, hata kama maji ni angavu, rudi kwenye jibu la kwanza.

Kwa maabara, peleka sampuli mbili, ya chanzo na ya chuchu ya mwisho, angalau mara mbili kwa mwaka na kila baada ya mafuriko. Omba chupa ya maabara yenye dawa ya kuzima klorini ndani yake na usiisuuze. Pangusa mdomo wa chuchu kwa spiriti, acha maji yatoke kidogo, jaza bila kugusa ndani ya kifuniko, weka kwenye kasha lenye barafu, na ifike ndani ya saa 24, ikiwezekana ndani ya saa 6. Bakteria aina ya E. koli, wale wa kinyesi, wanatakiwa wawe sifuri kwa mililita 100. Chanzo kikiwa safi na mwisho mchafu, kosa liko ndani ya banda. Vyote viwili vikiwa vichafu, anza na kisima.